Mwalimu, Vua Viatu Utembee

Hapa Cheptais, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, tunaishi kwa miguu. Teksi ya Probox au bodaboda itakufikisha mahali, kisha itakuacha, na safari iliyobaki ni ya kupanda au kuteremka: shambani, kwenye chemchemi, kwa jirani aliyefiwa. Kilele cha Mlima Elgon kiko mita 4,321 juu ya bahari nasi tuko mbali sana chini yake, lakini hata huku chini ni nadra kupata kiwanja kilicholala. Watoto niliowafundisha walikuja shule wakikimbia na kurudi nyumbani wakikimbia. Mwaka 2009 Linet Masai wa Kapsokwony alishinda mita 10,000 katika mashindano ya riadha ya dunia huko Berlin, na kaka yake Moses akachukua shaba ya wanaume katika umbali uo huo. Shule zilipofunguliwa Septemba, wasichana wote wa darasa langu walikuwa Linet.

Mtu wa mlimani akianza kuchechemea hupungukiwa na mengi kabla hata maumivu yenyewe hayajahesabiwa. Hupunguza kwenda mazishi. Huacha kwenda sokoni, akawa anauza vitunguu vyake kwa bei ya dalali anayekuja mpaka mlangoni. Halafu watu wanazoea kutomwona. Mimi nimepita huko, na ushuhuda huu ninautoa kwa ajili ya wale ambao bado wako huko, hasa akina mama wa rika langu walioambiwa kwamba maumivu ya miguu ni uzee na uzee hauna dawa.

Kifundo changu cha mguu wa kulia kilivunjika wakati wa mvua za 2007. Machafuko ya kugombea ardhi yaliyoanza 2006 yalikuwa yamefika kwetu, na kabla mambo hayajatulia mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu wa mlima huu walikuwa wameacha nyumba zao. Tuliondoka usiku, mimi na watoto, tukateremka kuelekea Chwele nilikozaliwa. Udongo wetu mwekundu ukilowa hauna huruma. Niliteleza kwenye ukingo wa shamba la kahawa, mguu ukapinda ukabaki chini yangu, na nilisikia sauti ya mfupa kabla sijasikia uchungu wake. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Niliinuka nikaendelea kutembea, kwa sababu usiku ule hakukuwa na la kufanya ila kutembea.

Chwele kulikuwa na mzee anayejua mifupa. Aliunyoosha mguu, akaufunga kwa vijiti, na mama yangu akawa ananikanda kwa maji moto kila jioni. Sikupigwa picha wala kufungwa plasta. Hospitali wakati ule ilikuwa mbali kwa njia nyingi, na barabara zilitutisha. Baada ya miezi kadhaa nilitembea tena. Tulirudi nyumbani, nikarudi darasani, na kwa karibu miaka kumi mguu ule ulikaa kimya.

Maumivu yalirudi polepole, asubuhi za Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani. Hatua za kwanza kutoka kitandani zilikuwa ngumu, kisha mguu unalegea kabla chai haijachemka, na mtu anasahau. Jioni yanarudi yakiwa na uvimbe, soksi inaacha alama ya mviringo juu ya kifundo. Nilipokuwa nasimama ubaoni nilijifunza kuegemea mguu wa kushoto. Njia ya changarawe iliniumiza kuliko ya lami, na kuteremka kuliniumiza kuliko kutembea tambarare. Nikipanda, kitu mbele ya kifundo kilikuwa kinabana kana kwamba mlango umefikia kizingiti.

Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021. Walimu wengi tulirudi shambani. Nililima vitunguu kwenye mteremko kutwa nzima nikiwa na gambuti, na kufikia Krismasi nilikuwa nateremka kwa ubavu, nimeshika matawi ya kahawa.

Kuna jambo ambalo wanawake hatulisemi hadharani, nami nitalisema. Choo chetu ni cha shimo. Choo cha shimo kinataka uchuchumae, na kuchuchumaa kunataka kifundo kikunjike mpaka mwisho wake. Changu kilikuwa kimeacha kukunjika. Nilianza kushika ukuta. Nikapunguza maji ya kunywa, nikaacha chai ya usiku, nikawa siendi kwenye harusi yoyote ambayo sijui choo chake kikoje. Watu wakadhani nimekuwa na maringo. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeona, na hakuniuliza neno. Siku moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta ametengeneza kiti cha mbao chenye tundu, amekikaza juu ya shimo, na pembeni amechimbia mhimili wa kushika. Nilikaa pale nikalia. Kiti kile kilinirudishia heshima yangu kabla mganga au daktari yeyote hajanigusa, na leo nikiulizwa msaada wa kwanza kwa mtu mwenye kifundo kibovu kijijini ni upi, sitaji dawa yoyote. Nataja kiti cha choo.

Majirani nao walikuwa na yao. Wapo walioniambia nimekanyaga kitu, maana yake kuna mtu ametega uchawi njiani. Wengine walisema ni matende. Hili la pili si neno la kupuuza katika mlima wetu, kwa sababu kuna ugonjwa wa miguu kuvimba unaotokana na udongo mwekundu wa volkeno wala hauna uhusiano na minyoo inayoenezwa na mbu. Watafiti waliufuatilia upande wa Uganda wa mlima huu huu, Kapchorwa, wakaandika kuuhusu mwaka 2001. Chembe ndogo sana za madini zinapenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku miaka na miaka, zinaharibu mishipa inayorudisha maji ya mwili, na mguu unavimba kuanzia vidoleni kupanda juu, ngozi ikiwa ngumu yenye vinundu. Dawa yake kubwa ni viatu, sabuni na maji, ikianza mapema. Wangu haukuwa huo. Uvimbe wangu ulikaa kwenye kifundo, mguu mmoja, na ulipungua nikilala. Lakini sikujua kutofautisha, na hofu ile ilinifanya nivae sketi ndefu hata kwenye jua la Januari.

Nilimeza vidonge. Duka la dawa liko karibu kuliko daktari, na kidonge cha diklofenaki kinapunguza maumivu kweli, tena haraka. Kikimezwa mfululizo bila mtu kukupima, kinachoma tumbo na kinaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Mimi lilikuwa tumbo: usiku naamka na moto kifuani. Baadaye nikanunua sokoni unga usio na jina kwenye karatasi, kwa mchuuzi aliyesema ni mizizi mitupu. Siku ya tatu nilitembea vizuri kabisa, nikaimba nikilima. Baada ya wiki chache uso ulijaa, usingizi ukapotea, na nilipouacha maumivu yalirudi na marafiki zake. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba unga wa namna hiyo mara nyingine huchanganywa na dawa za jamii ya steroidi, na kwamba kuziacha ghafla baada ya kuzoea ni hatari kwa mwili. Namshukuru Mungu nilimfikia yule muuguzi kabla sijaenda kununua tena.

Katika miaka hiyo yote, mahali nilipokwenda kutibiwa waliniuliza panauma wapi, wakaandika, wakanipa karatasi ya kwenda kuchukua dawa. Si watu wabaya. Foleni ilikuwa ndefu, na mwanamke mwenye mguu unaouma hawezi kutangulia mtoto mwenye malaria kali. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nivue viatu.

Picha ya kwanza ya mguu wangu ilipigwa Bungoma, katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Daktari alitaka ipigwe nikiwa nimesimama, uzito ukiwa juu ya mguu wenyewe, kwa sababu mifupa inayoonekana imeachana mtu akiwa amelala huweza kuwa imegusana akisimama. Ilikuwa hivyo. Pale panapotakiwa kuonekana ufa mweusi kwenye picha, upande mmoja palikuwa pamezibika. Pia ulionekana mstari wa zamani wa mvunjiko, na kijipembe cha mfupa kilichoota mbele ya kifundo. Nilikuwa nimebeba ule usiku wa 2007 ndani ya mguu bila kujua.

Binti yangu ameolewa Kitale, na ndiye aliyesikia kwamba kuna mtaalamu wa fiziotherapia huko anayeshughulikia miguu kwa makini. Kutoka Cheptais unateremka hadi Chwele, unapita Kimilili, unatokea barabara kuu pale Kamukuywa, kisha Kiminini, ndipo Kitale. Kwa mtu mwenye mguu mbovu, kukaa kwenye kiti cha nyuma cha Probox safari yote hiyo ni mtihani. Nilifika nimevimba. Kijana yule, umri wa kuwa mwanafunzi wangu, alisoma picha yangu kwa muda mfupi tu, akaiweka mezani, akasema, “Mwalimu, vua viatu utembee mpaka mlangoni, kisha urudi.”

Nilitembea. Akaniambia tena. Akachuchumaa nyuma yangu akitazama visigino, akaniomba nisimame kwa mguu mmoja, kisha nijaribu kunyanyuka kwa vidole nikiwa nimeshika meza. Alikunja kifundo cha kushoto akapima, akakunja cha kulia akapima, akanionyesha tofauti kwa vidole vyake. Alibonyeza kila kiungo kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba hadi kisigino. Mguu mmoja una mifupa 26, na sikuwahi kujua hilo pamoja na ualimu wangu wote. Aliuliza kama vidole vya mikono huamka vikiwa vimekakamaa kwa zaidi ya saa moja, kama nimewahi kuamshwa usiku na kidole gumba kilichokuwa chekundu na cha moto, kama nina sukari. Alitaka kujua ni aina gani ya ugonjwa wa viungo, kwa maana zipo nyingi. Ile inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia hupenda viungo vidogo vya pande zote mbili na inahitaji dawa zake maalumu mapema. Gauti inatokana na fuwele za asidi ya yuriki. Wangu ulikuwa wa kulika.

Kisha akachukua viatu vyangu akavigeuza juu chini akavisoma. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika kisigino upande wa nje mpaka kitambaa cha ndani kinachungulia. Akaniuliza shambani huvaa nini. Nilipomwambia gambuti, alitikisa kichwa. Gambuti inazuia tope na nyoka, akasema, lakini kifundo kinaogelea ndani yake, na kila jiwe linaamua mguu uelekee wapi.

Maelezo yake nayakumbuka vizuri. Katikati ya mifupa ya kifundo kuna gegedu, tabaka laini linaloteleza, jembamba kiasi cha milimita moja au mbili tu; ya gotini ni nene zaidi. Kifundo kina bahati ya kuwa imara sana, ndiyo maana watu wengi wanaougua kulika kwa kifundo wana ajali ya zamani nyuma yake: mvunjiko, au mteguko uliojirudia. Mfupa ukiungana ukiwa umeinama hata kidogo, uzito wote unaangukia upande mmoja, na gegedu ya upande huo inaisha miaka mingi baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kusahau. Gegedu ikiisha hairudi. “Hatutakirudisha kilivyokuwa,” akaniambia. “Tutakipunguzia kazi.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo yangu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kuponywa. Nilirudi na kazi ya kufanya, na kwa mtu aliyekaa miaka akingoja, kazi ni faraja kubwa.

Huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya mtu husomea miguu peke yake chuoni, akahitimu kuwa daktari wa miguu, na mgonjwa huweza kutibiwa shida nyingi za miguu katika kliniki moja. Kenya wataalamu hao ni wachache mno, na kwa sisi wa mlimani kazi yao imegawanyika katika mikono mingi. Daktari wangu wa miguu alikuwa watu wanne: yule kijana wa fiziotherapia, fundi wa vifaa vya mifupa aliyechukua umbo la unyayo wangu, muuguzi aliyenifundisha kucha na ngozi, na fundi wa viatu mwenye kibanda Chwele. Nawaheshimu wote sawasawa.

Fundi wa vifaa vya mifupa alinitengenezea soli ya ndani, nyepesi na ngumu kidogo, iliyonyanyuliwa upande wa nje ili uzito urudi katikati, na kisigino kikapandishwa kiasi. Kupandisha kisigino kunafanya kifundo kisilazimike kukunjika sana mtu anapopanda. Nilipata pia kishikizo cha kitambaa kigumu chenye kamba, cha kuvaa siku za shamba.

Viatu vyenyewe nilivitafuta kwenye mitumba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili kila mtu anaweza kulifanya bila rufaa ya daktari. Chukua kiatu, bana nyuma ya kisigino kwa vidole viwili: kikibonyea kama karatasi, kirudishe. Shika mbele na nyuma ukikamue kama unakamua nguo: kikikubali kujipinda, kirudishe. Kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia tu, katikati ya unyayo kigome. Mbele pawe papana, vidole vilale bila kupandana. Kiwe na kamba au mkanda, maana kiatu cha kuchomeka tu kinavilazimisha vidole kukishikilia. Na ununue jioni, mguu ukiwa umevimba, si asubuhi. Wauza mitumba wa Chwele walinitazama kwa mshangao mwanzoni, mwalimu mzima anakamua viatu. Siku hizi kuna kijana mmoja ambaye akinunua marobota huniwekea pembeni buti za ngozi zinazofika juu ya kifundo.

Fundi wa viatu ndiye aliyemalizia. Nilimpelekea mchoro kutoka Kitale: soli ya nje iwe ngumu, na kuanzia chini ya vidole ianze kupinda kwenda juu, ili mguu ubingirike kwenda mbele badala ya kifundo kukunjika. Aliutazama mchoro, akatazama rundo lake la matairi ya akala, akachagua kipande cha ukingo wa tairi ambacho tayari kina mkunjo. Alikichonga kwa kisu, akakibandika, akakishona. Nilitembea mbele ya kibanda chake huku yeye akiwa amepiga magoti barabarani akiangalia kisigino changu. Akasema, “Mama, ngoja, kulia bado.” Akapunguza upande mmoja. Nilipotembea tena, kule kubana mbele ya kifundo hakukuja. Nilienda mpaka kwenye kona nikarudi, nikaenda tena. Wateja wake walinyamaza wakiniangalia, na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akapiga kigelegele bila kujua kisa.

Mazoezi yalikuwa kazi ya nyumbani. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani naandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, herufi kubwa. Mjukuu wangu hukaa pembeni akisoma: “Kukhu (bibi), hiyo ni M?” Nikiwa jikoni nashika fremu ya mlango na kunyanyuka kwa vidole taratibu, kushuka taratibu zaidi. Nanyoosha misuli ya nyuma ya muundi nikiwa nimeegemea ukuta, goti limenyooka, kisigino chini. Nasimama kwa mguu mmoja ugali ukiiva. Misuli ikipata nguvu hubeba kile ambacho gegedu haiwezi tena kubeba. Wiki za kwanza niliona nimeongezewa maumivu, na kama yule kijana hangenionya ningeacha. Kanuni aliyonipa ni kwamba maumivu yanayotulia kabla ya kesho asubuhi yanavumilika. Yanayoamka nami kesho yake yanasema nilizidisha.

Fimbo ilinisumbua kuliko yote. Niliagizwa niishike mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, itangulie pamoja na mguu mgonjwa; watu wengi hushika upande unaouma, na hapo haisaidii sana. Jumapili ya kwanza niliiacha kwenye ua wa kanisa kabla sijaingia. Sisi ni watu wa Kanisa la Marafiki, tuna muda wa kukaa kimya pamoja, na katika kimya kile nilisikia mama mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu amezeeka. Mzee wa kanisa alipotoka nje akaiona fimbo, akairudisha ndani, akaniwekea mikononi mbele ya watu wote. Hakusema chochote. Tangu siku hiyo naingia nayo.

Kwa maumivu yenyewe nina jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo haifiki tumboni kwa wingi kama kidonge, na parasetamoli kwa siku mbaya. Asubuhi nakanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu; jioni ukivimba naunyanyua juu ya mto na kuweka kitambaa cha maji baridi ya chemchemi. Nilipunguza uzito kidogo, kwa kupunguza sukari kwenye chai na mafuta ya kukaanga, na tofauti niliisikia kwenye kuteremka. Kila hatua inakibebesha kifundo mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Kilo chache zilizoondoka juu ni nyingi zikifika chini.

Muuguzi alinifundisha kuangalia miguu kila usiku. Naosha, nakausha hata katikati ya vidole, napaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kwenye visigino na si katikati ya vidole, kwa sababu unyevunyevu huko unazaa fangasi. Kucha nakata kwa kunyooka, siingii pembeni. Sugu nasugua kwa jiwe baada ya kuoga. Wembe hauingii tena nyumbani kwangu kwa kazi hiyo.

Daktari wa mifupa nilimwona pia, Eldoret, katika hospitali ya Moi ya mafunzo na rufaa. Alinieleza kuhusu upasuaji wa kuunganisha mifupa ya kifundo: kiungo kinakoma kukunjika kabisa na maumivu yake yanaisha au kupungua sana, lakini kuna wiki nyingi za kutokanyaga, na viungo vya jirani vinaweza kuchoka miaka ya mbele kwa kubeba kazi yake. Vipo pia vifundo vya bandia, na sindano za kupunguza uvimbe ambazo nafuu yake ni ya muda. Nilifikiria njia ya nyumbani kwangu, tope la Aprili, magongo mawili. Nilimwomba tungoje. Alikubali, akasema mguu utasema wenyewe wakati ukifika, na kwamba kungoja huku unautunza ni matibabu kamili. Sijafunga mlango huo.

Sijapona. Julai bado inaniuma. Shamba la juu, lile lenye mwinuko mkali, nimemkodishia kijana wa jirani. Mimi nimebaki na la chini, na vitunguu nauza mwenyewe Chwele. Kwenye mazishi nakaa kiti cha mbele bila kuomba msamaha. Nimestaafu ualimu, ila asubuhi natembea na watoto mpaka kwenye daraja, wao wakikimbia, mimi na fimbo yangu.

Jumapili baada ya ibada akina mama wamezoea kubaki kwenye benchi la nje, na viatu vinavuliwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mmoja alikuwa na sukari na kidonda chini ya unyayo ambacho hakukisikia hata kidogo. Mwenye sukari huweza kupoteza hisia za miguu, na kutouma kwa kidonda ndiyo hatari yenyewe. Tulimpeleka hospitali siku ile ile, na mguu wake bado anao. Mwingine, ambaye kwa miaka aliaminishwa amerogwa, alikuwa na ule uvimbe wa udongo; sasa ana beseni lake, sabuni yake na viatu vya kufunika. Mimi si daktari na nawaambia hivyo. Naangalia tu, na nikiona kiungo chekundu cha moto pamoja na homa, au kidonda kwa mwenye sukari, sisubiri hata ibada iishe.

Mwezi huu nasafiri na wawili kwenda Kitale. Wote wamenunua viatu vya kutokea, vya kwenda navyo mbele ya mtaalamu. Nimewaambia wavivae kama wanapenda, lakini kwenye mfuko wabebe gambuti zile zile za shambani, zikiwa na tope lake, maana hizo ndizo atakazotaka kuzigeuza juu chini azisome.